Kung'arisha gari la marehemu: Usafi unaishia wapi, ghushi inaanzia wapi?

Likizo ya Juni ya mwaka 2022 sehemu kubwa niliimaliza nikiwa nimepiga magoti uani kwangu hapa Kibaha, kitambaa mkononi, nikisugua gari ambalo si langu. Jirani mmoja akanitania kuwa mwalimu wa dini kaona mshahara hautoshi, kaamua kufungua kituo cha kuoshea magari. Tukacheka. Lakini kazi ile ilinifikisha kwenye swali ambalo, kwa miaka yote ninayofundisha mlango wa biashara katika fiqhi, sikuwahi kulifikiria sawasawa. Na kwa kuwa najua wengi miongoni mwetu ama tuna kitu tunachotaka kukiuza ama tunadunduliza tununue kilichokwisha tumika, nimeona nilieleze kama lilivyonikuta.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla DX nyekundu, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, mali ya marehemu baba yangu mdogo. Macho yalipoanza kumsumbua aliliegesha chini ya mwembe nyumbani kwake, kijijini wilayani Kisarawe, akasema atalirudia akipona. Hakulirudia, Allah amrehemu. Alipofariki lilikuwa limekaa pale mwaka wa saba. Kuku walishataga ndani yake, na wekundu wake ulikuwa umegeuka rangi ambayo sijui niiite nini, waridi iliyochanganyika na jivu.

Kikao cha ukoo kilinipendekeza mimi niwe msimamizi wa mirathi, na mahakama ya mwanzo ikaniidhinisha. Mali haikuwa nyingi: nyumba, shamba la mikorosho na gari hilo. Warithi ni mama mdogo, yaani mjane, na watoto watatu, wavulana wawili na binti mmoja. Mkubwa anajitegemea. Wawili waliobaki walikuwa bado wanafunzi, mayatima. Kwa mgawo wa Suratun Nisaa (4:11-12), mke akiwapo na watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kinachobaki mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Ukiipiga hesabu hiyo bila kukata vipande, mali inagawanywa mafungu 40: mama 5, kila mvulana 14, binti 7. Naomba msomaji ayashike mafungu hayo, maana tutayarudia.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alitaka kulichukua kwa shilingi 800,000. Dalali mmoja alipoliona akatikisa kichwa. "Ustadhi, hilo usilitupe. Hilo likivaa nguo linakwenda milioni mbili na laki nne." Tukalivuta kwa kamba kutoka Kisarawe, tukateremka Pugu hadi Gongo la Mboto, tukazunguka mjini na kupanda Barabara ya Morogoro mpaka Maili Moja. Fundi wa injini alifanya yake kwa siku tatu, likawaka. Rangi nikasema nitaishughulikia mwenyewe, kwa sababu fedha ya kumlipa fundi rangi ingetoka kwenye mafungu yale 40.

Nilianza kwa kuosha, na kuosha peke yake kulichukua siku mbili. Utomvu wa mwembe ukikauka juu ya rangi haubanduki kwa kucha. Unalowekwa kwa kitambaa cha maji ya moto, unasubiriwa, unafutwa, unalowekwa tena. Kinyesi cha ndege nacho kilikuwa kimekula rangi na kuacha vidoa vilivyozama kama alama za ndui. Nilipomaliza, gari lilikuwa safi na baya vilevile. Ndipo fundi mmoja mtu mzima wa mtaani kwetu akanifundisha jambo ambalo sikuwa nalijua. Alichukua kitambaa cheupe cha pamba, akakitia dawa ya kusugulia kidogo, akasugua sehemu ya boneti ukubwa wa kiganja. Akanionesha kitambaa. Kilikuwa chekundu.

Akanieleza kwamba hiyo ni habari njema. Magari mengi ya siku hizi rangi yake imefunikwa juu kwa tabaka la kung'aa lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Hilo likichoka hubabuka kama ngozi iliyoungua jua, na hakuna kusugua kunakoliponya, ni kupiga rangi upya. Lakini magari ya zamani kama hili, hasa ya rangi za kawaida zisizo na vumbi la metali, rangi na mng'ao vilikuwa tabaka moja. Jua linapoipiga miaka mingi, gundi ya juu inayoshika chembe za rangi huharibika, chembe zikabaki zimelegea kama chokaa ukutani. Huo mpauko ni wa juu tu. Chini yake rangi ni ileile iliyotoka kiwandani. Akanitahadharisha pia kwamba rangi yote ya gari, pamoja na ile ya msingi, haizidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwenye kingo na mikunjo ya bati ni nyembamba zaidi. Ukisugua kwa pupa utatokeza kwenye bati, na ulichokiondoa hakirudi.

Basi nikasugua kwa mkono, kipande kwa kipande. Palipoharibika zaidi nilipitisha kwanza msasa laini wa namba 2000 kwa maji na sabuni, kidogo kidogo, kisha dawa ya kusugulia, kisha dawa laini zaidi, na mwisho nta. (Kumbe baadhi ya dawa hizo hutiwa kaolini, udongo mweupe kama ule ule uliopo milima ya Pugu, kilomita chache tu kutoka Kisarawe. Tunakaa juu yake tunanunua ya dukani kwenye makopo.) Kila jioni baada ya swala ya alasiri nilimaliza kipande kimoja. Boneti peke yake ilinichukua siku nne. Lakini ulipotoka ule wekundu, wallahi ndugu yangu, nilikaa chini nikautazama tu. Mtoto wangu akauliza, "Baba umepaka rangi mpya?" Nikamwambia hapana, hii ndiyo yake.

Nikiwa katika kazi ile ndipo nilipoikumbuka Suratul Mutaffifin. Tunaisoma mara nyingi katika swala, na walimu tumezoea kuieleza kwa vipande viwili. Mwanzoni inawaonya wanaopunja, wale ambao wakipokea hutaka kipimo kamili na wakitoa hupunguza. Mbele kidogo, katika aya ya 14, inataja kile kilichoziba nyoyo za watu kwa sababu ya yale waliyokuwa wakiyachuma, na wafasiri wengi wamekifananisha na kutu inayofunika chuma. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kutu ya moyo imetajwa katika sura iliyoanza na mizani ya sokoni. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), mja anapotenda dhambi doa jeusi hutiwa moyoni mwake, na akiacha na kutubu moyo wake husuguliwa ukang'aa. Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni lile lile la kusugua panga au kioo. Halimaanishi kupakwa, linamaanisha kuondolewa kilichozidi ili kilicho asili kionekane.

Kwa hiyo nilikuwa na raha. Nilijiambia kuwa kazi ninayoifanya ni ya kufichua, wala si ya kuficha, na kwamba hakuna ubaya mtu kuuza kitu kikiwa kisafi. Raha hiyo ilidumu mpaka nilipofika ubavu wa kushoto, nyuma.

Pale rangi ilikuwa na tabia nyingine. Kitambaa kilitoka na wekundu wa aina tofauti kidogo, wa kuelekea chungwa. Nikagonga kwa kidole. Mlango ulilia kama debe, madigadi ya nyuma ikajibu kwa sauti nzito, kama unagonga ukuta. Nikaenda kuchukua sumaku ya spika mbovu, nikaifunga kwa kitambaa isikwaruze, nikaipitisha. Mlangoni ilinata. Kwenye madigadi ikaanguka chini. Kuanzia juu ya tairi mpaka karibu na taa, na kushuka hadi kwenye ukingo wa chini ya mlango, hapakuwa na bati la maana. Palikuwa na puti, nene, iliyopigwa zamani na kupakwa rangi juu. Nilipochungulia kwa chini kwa tochi nikaona kutu imekula ukingo ule kiasi cha bisibisi kupenya.

Nilimuuliza mama mdogo. Akanyamaza kwanza, kisha akanieleza gari lilivyogongwa na kwa nini marehemu hakutaka watu wajue. Hayo aliyonieleza hayahusiani na ukurasa huu na sitayaandika.

Dalali alipokuja kukagua nikamwonesha. Hakushtuka hata kidogo. Akasema hapo ni puti ya elfu chache na rangi ya kopo dogo, fundi wake atamaliza kwa siku moja, na chini atapuliza rangi nyeusi nzito ili kutu isionekane. "Na wewe ustadhi usiseme neno. Akiuliza, mwambie gari ni la zamani, linauzwa kama lilivyo. Mnunuzi ana macho yake na ana fundi wake." Nilipomwambia nitamwambia mnunuzi, akataja kitu kilichonikaa rohoni kwa siku nyingi. Akasema ukimwambia, unashusha laki nne. Je, laki nne hizo ni zako? Ni za mayatima. Unataka kuutengeneza uchamungu wako kwa mali ya mayatima?

Nikapiga hesabu kwa mafungu yale 40. Laki nne ni elfu kumi kila fungu. Mama mdogo angepoteza 50,000, kila mvulana 140,000, binti 70,000. Wale wawili wanaosoma, 210,000 kwa pamoja. Nawajua watoto wale, najua na viatu wanavyokwenda navyo shuleni. Hebu msomaji jiweke mahali pangu kabla hujanijibu haraka kuwa haramu ni haramu.

Tuanze na hoja ya kwamba mimi sikusema uongo. Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikagusa unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, yule akajibu kuwa limenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza mbona hakuuweka huo unyevu juu watu wakauona, na akatamka kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Hadithi hii tunaisoma sana, lakini tutazame vizuri nani alimwagia maji nafaka ile. Ni mvua. Mtu yule hakuiharibu mali, wala hatukusikia kuwa alimwambia mtu yeyote neno la uongo. Kosa lake lilikuwa ni mpangilio tu, kikavu juu na kibichi chini. Nami kutu sikuileta mimi, ililetwa na miaka na mvua za Kisarawe. Puti sikuipiga mimi. Lakini ningeliuza gari lile na ubavu ule umepakwa, ningekuwa nimepanga kikavu juu.

Iko hadithi nyingine inayokwenda mbali zaidi, nayo wamepokea Bukhari na Muslim, kuhusu mnyama aliyeachwa bila kukamuliwa ili kiwele kijae mnunuzi amdhanie ana maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) alikataza jambo hilo, na aliyemnunua mnyama wa namna hiyo akampa hiari baada ya kumkamua: akitaka atabaki naye, akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende. Hapa pia hakuna aliyesema kitu. Kiwele ndicho kilichosema. Sheria ikakihesabu kiwele kilichojaa kuwa ni kauli ya muuzaji.

Hapo ndipo na ile raha yangu ya mwanzo ilipopungua. Maana kama kiwele kinasema, basi na boneti inayong'aa inasema. Mtu anapoliona gari la miaka arobaini limemeta mbele, moyo wake unakwenda wenyewe hadi kwenye injini, gia na bati la chini, unasema hili limetunzwa. Lakini halikutunzwa. Lilikaa chini ya mwembe miaka saba, kuku wakataga ndani. Kusugua kwangu hakukuwa ghushi, nina hakika na hilo, kwa sababu nilichokitoa nje ni cha gari lenyewe. Ila mng'ao ule ulikuwa ukitoa ushahidi zaidi ya unaoyajua, na mimi ndiye niliyeupa ulimi. Kwa hiyo hata pale ambapo hapakuwa na puti nilikuwa na deni la maneno: kusema gari limekaa muda gani na limesuguliwa lini. Kisha kuna zile dawa za mafuta zinazojaza mikwaruzo kwa siku chache, zikaoshwa na mvua mbili za kwanza. Fundi mwingine alinishauri nizipake asubuhi ya siku ya kuuza. Hiyo sasa ndiyo kiwele chenyewe.

Na lile la kuuza kama lilivyo? Wengi tunaamini kuwa neno hilo likitamkwa muuzaji amevuka. Hata sheria ya nchi inatupa nafasi hiyo kwa kiasi fulani, kwani Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuficha jambo kwa makusudi kuwa ni udanganyifu, lakini kunyamaza tu kwa kawaida haikuhesabu hivyo. Huenda ndiyo sababu dalali aliniambia ninyamaze, hakuniambia niseme uongo. Ama katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu mwambao huu tunayafuata, Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa muuzaji akishurutisha kutowajibika na aibu za bidhaa, kauli yenye nguvu ni kwamba anasalimika na aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, si nyingineyo. Mnyama kwa sababu ana uhai, anaweza kuwa na maradhi yasiyojulikana na mtu. Corolla haina maradhi ya namna hiyo, na mimi nilikuwa nimeshaipitishia sumaku.

Limebaki la mayatima, ambalo ndilo zito. Qur'an imetukataza kuikaribia mali ya yatima isipokuwa kwa njia iliyo bora zaidi (6:152, 17:34), na imewaonya wanaoila kwa dhulma kuwa wanakula moto (4:10). Dalali, bila kujua, alikuwa akinisomea aya. Nilikwenda nayo siku tatu. Nilijiuliza, je, inawezekana kuwa ukali wangu wa kusema kila kitu ni kuitumia vibaya amana ya watoto wa watu? Mtu anaposema kweli kwa gharama yake mwenyewe tunamsifu. Anaposema kweli kwa gharama ya mtoto wa darasa la sita, je?

Nilipofika ni hapa. Nilikuwa nikizihesabu laki nne zile kama mali ya mayatima iliyomo mikononi mwangu, nami nataka kuigawa. Lakini zilikuwa wapi? Hazikuwa kwenye gari. Gari lenye ubavu wa puti na ukingo uliooza thamani yake ni ile ya gari lenye ubavu wa puti. Laki nne zilikuwa mfukoni mwa mtu ambaye sijakutana naye bado, huenda naye ana watoto, na zingeingia kwenye mirathi kwa sababu tu hakujua. Yatima hana haki katika mfuko huo. Tena katika fiqhi mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya mauziano ana hiari ya kurudisha. Angerudi baada ya mwezi mmoja na gari lake, fedha zimeshakuwa viatu na ada, ningewaambia watoto wazitapike? Msimamizi anayewaachia mayatima deni huku akidhani amewaongezea mali hajawatendea lililo bora.

Sasa tuje kwa mama mdogo, ambaye hoja yake haikuwa ya fedha. Yeye aliniomba jambo moja tu. "Mwanangu, usimwanike baba yako." Na kusitiri aibu za Muislamu ni jambo ambalo Mtume (s.a.w.) amelihimiza, na ameahidi kuwa anayemsitiri nduguye Allah atamsitiri Siku ya Kiyama, seuze maiti asiyeweza kujitetea. Hapo nilikwama kwa muda. Dini ile ile inaniamuru nifichue aibu na inaniamuru nisitiri aibu, na zote mbili zimo katika madigadi moja.

Mwanzoni nilitaka kusema jibu ni rahisi, kwamba aibu za watu zinasitiriwa na aibu za vitu zinafichuliwa. Lakini haliendi hivyo. Fatima binti Qays (r.a.) alipomwendea Mtume (s.a.w.) kumweleza kuwa ameposwa na Muawiya na Abu Jahm, hakumsitiria yeyote kati yao. Alimweleza kuwa mmoja hana mali, na mwingine fimbo haishuki begani mwake, kisha akamshauri aolewe na Usama. Imo katika Sahih Muslim. Hao ni watu, tena masahaba, na kasoro zao zilisemwa. Zilisemwa kwa sababu kuna mtu aliyekuwa anakaribia kuzibeba. Nami nadhani mpaka uko hapo. Kasoro ambayo mwenzako yuko mbioni kuibeba, iwe ya mtu au ya bati, ni haki yake aijue kabla hajaitia begani. Ile ambayo hakuna atakayeibeba, ukiitoa unafanya nini isipokuwa kusengenya? Mnunuzi angebeba ubavu wa puti. Hangebeba kilichotokea usiku ule gari lilipogongwa. Kwa hiyo nilimwambia mama mdogo: nitasema gari liligongwa hapa, nitaonesha mpaka wake kwa sumaku, sitasema nani alikuwa kwenye usukani wala kwa nini. Akaridhika. Wallahu a'lam.

Nina jambo moja kwa vijana wetu wa gereji, ambao ni wengi kando ya Barabara ya Morogoro na wengi wao ni Waislamu wanaoswali. Nimewasikia mara nyingi wakisema, mimi kazi yangu rangi tu, mambo ya kuuza ni yake mwenye gari. Imam Ghazali ameeleza katika Ihyaa habari za sahaba Wathila bin al-Asqa (r.a.), aliyekuwa amesimama mahali mtu akauza ngamia kwa dirhamu 300. Wathila aligutuka mnunuzi ameshaondoka, akamkimbilia akimwita, akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa safari. Alipojibiwa ni kwa safari, akamwambia kuwa ameona tundu katika kwato na mnyama yule hatahimili mwendo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100. Wathila hakuwa muuzaji wala dalali. Alikuwa amesimama tu. Sasa yule anayelipwa kulijaza tundu lile puti na kulipaka rangi, hali anajua kesho gari linapelekwa sokoni, atasema kazi yake ni rangi tu? Sisemi kila puti ni haramu. Mtu akikuletea gari lake analolitumia, mjazie, mpakie, limependeza, hakuna ubaya. Swali ni kwamba unajua linakokwenda au hujui, na ukijua, kuna wa kumwambia au hakuna.

Gari liliuzwa mwezi wa Agosti. Wa kwanza kuambiwa alinishukuru sana, akanipa mkono, akaondoka, na nikasikia amenunua jingine palepale Maili Moja kwa bei ile ile ya milioni mbili na laki nne. Sijui ubavu wake ukoje. Wa pili alitaka kulichukua kwa bei ya chuma chakavu kwa kuwa mwenyewe nimekiri. Wa tatu ni mfanyabiashara wa matunda wa Mlandizi. Huyo alipiga magoti, akaipitisha sumaku mwenyewe mara mbili, akachungulia chini kwa tochi, akaniuliza maswali ambayo mengine sikuweza kuyajibu. Tukakubaliana milioni mbili. Niliomba tuandike kwenye hati ya mauziano kuwa ubavu wa kushoto nyuma ni puti na ukingo wa chini una kutu, na kwamba gari lilikaa miaka saba bila kutembea. Akasema hajawahi kuona hati ya namna hiyo, lakini akatia saini. Dalali alichukua ujira wake bila kunitazama usoni.

Nilizigawa fedha siku ya pili, kwenye mkeka, mbele ya wazee wawili wa ukoo, fungu kwa fungu. Binti alipokea zake akazihesabu, kisha akaniuliza kama ni kweli gari la baba limekuwa jekundu tena. Nikamwambia ni kweli, isipokuwa upande mmoja.

Tangu hapo nimeliona mara moja, stendi ya Mlandizi. Lilikuwa limefungwa matenga ya machungwa juu, vumbi mpaka kwenye vioo, na kwenye boneti, pale nilipokaa siku nne, nta ilikuwa imekwisha na weupe ulikuwa umeanza kurudi pembeni.